Siku Gogo Alipovunja Vibuyu

Mara ya kwanza nilipomwona Gogo alikuwa amemkalia mtu. Nilikuwa bibi harusi wa juzi tu, nimeletwa upande huo wa Bomet ambako chai inaishia na mahindi yanaanza, na mume wangu alikuwa amenituma nipeleke majani kwenye kituo cha kununulia chai. Nikakuta watu wamefanya duara. Katikati alikuwa amelala mwanamume mzima, uso kwenye matope, na mgongoni mwake ameketi mwanamke mwenye mvi, anamtandika makalioni kwa gambuti, kile kiatu kirefu cha mpira. Gambuti yenyewe ilikuwa ya yule mwanamume. Nikauliza kosa lake, nikaambiwa amemsukuma mama mjamzito kwenye foleni. Nikauliza huyu anayepiga ni nani. Wakaniambia ni jirani yako mpya, kaa naye vizuri.

Gogo ni nyanya, kwa lugha yetu ya Kipsigis. Jina la ubatizo alikuwa nalo, na kanisani liliandikwa, lakini kuanzia chifu mpaka mtoto wa kunyonya sote tulimwita Gogo, na mimi sitalibadilisha hapa. Shamba lake na langu yalitenganishwa na ua mwembamba, kwa hiyo tangu miaka ya themanini mpaka ya tisini nilisikia kila kilichopigwa upande ule: mbwa, ndama, mlango, mtu. Watu wengine husikia redio ya jirani. Mimi nilisikia fimbo.

Ilikuwa fimbo ya mzeituni wa msituni, nyeusi kwa kushikwa, na alikwenda nayo kila mahali, hata kanisani, ambako aliilaza chini ya benchi. "Mkono wangu unafika kabla ya kichwa," alikuwa akisema, na alisema bila aibu, kama vile mtu mwingine angesema anapenda chumvi nyingi. Mlevi mmoja aliyezoea kumpiga mkewe aliwahi kupita kwake akiimba. Gogo alimsimamisha njiani, akamuuliza kwa heshima hali ya mkewe, na kabla mlevi hajamaliza kujibu alikuwa chini, ameshika goti. Alichechemea mpaka mavuno. Mkewe alituambia kisimani kwamba tangu siku hiyo nyumba imetulia.

Halafu kulikuwa na mbwa wa fundi wa baiskeli. Mbwa huyo alimuuma mjukuu wa Gogo mguuni. Gogo hakupiga kelele. Alichukua panga, akaenda mpaka kwa fundi, akamkata mbwa shingo mbele ya mwenyewe, akalipangusa panga kwenye nyasi. Kisha akamwambia yule fundi, aliyekuwa amebaki mdomo wazi, "Sasa twende nyumbani unywe maziwa. Sitaki useme nimekuacha na huzuni na njaa pamoja." Na fundi alikwenda, nawaambia. Akanywa, akashukuru, akarudi kumzika mbwa wake.

Sasa mjukuu. Aliitwa Chebet, na ndiye ninayetaka kumweleza, maana bila yeye Gogo angebaki kuwa kichekesho cha sokoni. Mama yake alikuwa mchumaji wa chai kwenye mashamba makubwa ya Kericho, akija nyumbani mwisho wa mwezi na sukari na mkate. Baba hakuwepo, na aliyeuliza baba yuko wapi alijibiwa kwa mwiko. Chebet aliachwa kwa Gogo akiwa hajui kutembea vizuri, na tangu alipojua kutembea hapakuwa na kitu salama nyumba ile.

Mtoto yule alitaka kujua. Sijui nisemeje zaidi ya hapo. Watoto wangu mimi walivunja vitu kwa sababu ya kurukaruka, lakini Chebet alivunja ili aone ndani. Ukuta wa jikoni uliposiribwa upya kwa udongo na mavi ya ng'ombe, alichimba shimo kubwa usiku haujafika, atazame fito zimefungwaje. Viazi vilivyopandwa Jumatatu alivifukua kila asubuhi kuangalia vimefika wapi. Aliwahi kumwaga unga wa wiki nzima sakafuni, mlango mpaka mlango, kusudi ajue panya anayekula sukari anaingilia wapi. Na alijua, kwa kweli. Alituonyesha nyayo. Lakini ugali tulikula kwangu siku hizo, maana kwa Gogo unga ulikuwa umeshakanyagwa na kuku.

Siku moja nilisikia Gogo anaita kwa sauti ya chini, na Gogo akiita kwa sauti ya chini ujue mambo yameharibika. Nikachungulia juu ya ua. Kitanda chake kilikuwa kimetandazwa majani mabichi ya chai, kikapu kizima, juu ya shuka na blanketi, na madirisha yamezibwa kwa magunia.

"Chebet, hii ni nini?"

"Ni kiwanda, Gogo."

"Kiwanda."

"Nangoja yanyauke. Halafu nitayapiga, halafu yatakuwa meusi."

"Sawa. Mimi pia nitakupiga, halafu tuone wewe utakuwa rangi gani."

Na alimpiga. Msicheke sana, mimi pia nilicheka mpaka nilipoanza kusikia. Alikuwa na fungu la majani ya kuwasha, yale yanayoota kando ya mto, na aliyapitisha kwenye miguu ya mtoto kama mtu anayefagia. Kilio kile kilinitoa kwenye kazi yangu. Nilisimama kwenye ua nikamwambia, "Gogo, utaua mtoto."

"Mchelea mwana kulia hulia yeye," akajibu.

"Na mchapa mwana je?"

"Hiyo wazee hawakusema." Akanirushia kiazi, kikanipata begani.

Methali alikuwa nazo za kutosha, na zote zilikuwa upande wake. Samaki mkunje angali mbichi, alisema, ingawa maishani mwake hakuwahi kula samaki wala kukubali kukaa karibu na anayekula. Na alikuwa na yake mwenyewe: mti wa chai usipokatwa unakuwa msitu. Hilo ni kweli, kila mkulima wetu analijua. Acha mche wa chai bila kuchuma wala kupogoa, utapanda mpaka ushindwe kuufikia. Nilimwambia kwamba Chebet si chai. Akaniuliza kama mimi nina shahada ya watoto.

Jioni ya siku hiyo ya kiwanda nilipita kuomba moto. Nikamkuta Gogo ameketi sakafuni, miguu ya Chebet iko mapajani mwake, anaipaka samli polepole, kidole kwa kidole, na mtoto amelala usingizi. Machozi yalikuwa yamemkauka usoni. Machozi ya Gogo, nasema, si ya mtoto. Alipoona nimeona, akaniambia moto umezimika niende kwingine, na moto ulikuwa unawaka pale pale mbele yetu.

Lakini mtu mwingine asiguse. Mwalimu wa darasa la pili alimchapa Chebet viganja mpaka vikavimba, kwa sababu alitoa upepo kwenye magurudumu yote mawili ya baiskeli ya mwalimu, mbele na nyuma, akitaka kuona hewa ina rangi gani. Kesho yake Gogo aliingia darasani wakati wa hesabu. Walioona, na watoto wangu walikuwamo, wanasema hakusalimia. Alimshika mwalimu tai, akamvuta mpaka kichwa kikalingana na chake, akamnyang'anya kiboko, akamtandika nacho viganjani, vyote viwili, huku darasa likihesabu kwa sauti kwa sababu lilidhani hilo ndilo somo. Kisha akakivunja kiboko kwa goti. "Huyu akikosa, mlete kwangu," akasema. "Mkono wa kumpiga ni huu mmoja."

Siku hiyo nilikasirika kweli. Nilimfuata mpaka kwenye zizi. "Wewe unampiga mwalimu kwa kumuumiza mtoto, na wa kwanza kumuumiza ni wewe?"

Alikuwa anakamua. Hakugeuka. "Mimi nikipiga napaka samli. Mwalimu anapaka nini?"

Jibu nililipata usiku, kitandani, na nilijua hangelisikiliza. Jibu lenyewe lilikuwa la kuonekana kwa macho. Chebet alikuwa ameanza kuangalia mkono wako kabla ya kukuangalia uso. Ukimuuliza jambo dogo, umekula, mama amefika, macho yake yalishuka kwanza kwenye mkono wako kutazama umeshika nini. Vikombe vilivyovunjika tulivikuta vimefukiwa kwenye chai. Makosa yote ya nyumba ile yalikuwa ya paka. Mtoto aliyekuwa akitupigia kelele kuja kuona alichogundua sasa alikuwa akigundua kimya kimya, nyuma ya ghala, na hakuna aliyejua anafanya nini huko. Nilimhofia, na nilimwambia Gogo hivyo. Akasema angalau sasa nyumba ni safi.

Nimesema habari ya mkono wake. Lazima niseme pia kitu kimoja ambacho mkono huo haukuwahi kukipiga.

Gogo alitengeneza mursik, maziwa yetu yale ya kugandishwa kwenye kibuyu kwa mkaa, na hakuna mwanamke wa milima ile aliyemfikia. Alikuwa na vibuyu vitano. Kimoja alipewa na mama yake alipoolewa, kimoja na mama mkwe wake, vimevishwa ngozi na kupambwa kwa kauri, na vitatu alivilea mwenyewe tangu vikiwa vichungu. Alivisugua ndani kwa ufagio wa kijiti, akavifukiza mkaa wa mti unaotakiwa, akakijaza kila kimoja maziwa yaliyochemka yakapoa, akakifunga, akakilaza taratibu kama mtu anayelaza mtoto aliyesinzia. Akiwa kwenye kazi hiyo ungeweza kumtukana asikusikie. Aliniambia siku moja, "Kibuyu kinakunywa. Unachokiwekea leo, mwaka ujao bado kiko ndani." Kwa sababu hiyo mtu aliyetia mafuta ya taa kwenye kibuyu, hata mara moja, hata kwa bahati mbaya, hana cha kufanya ila kukichoma. Kukiosha ni kujidanganya.

Ikafika siku ya koito, siku ambayo watu wa mvulana wanakuja kwao msichana kumwomba. Mama yake Chebet alikuwa amepata mtu wa Siongiroi, mchuuzi wa ng'ombe, mpole, ambaye hakujali kwamba kuna mtoto tayari. Kwetu unaweza kukosa nyama siku hiyo ukasamehewa. Ukikosa mursik, heri ufunge lango ujifanye umehama. Gogo alikuwa amejaza vibuyu vyote vitano, vikakaa siku zao, na asubuhi hiyo vilikuwa vimepangwa juu ya ngozi kando ya ukuta wa sebule.

Hapa niwaeleze habari ya dawa ya kupe. Zamani ng'ombe wetu wote waliogeshwa kwenye josho la kata, lakini josho lilikuwa limekauka miaka hiyo, na kila mtu alinunua chupa yake akapulizia nyumbani kwa bomba. Dawa hiyo ndani ya chupa haina sura ya maana. Ikigusa maji inageuka nyeupe pepepe, sawasawa na maziwa. Kila mtoto wa huku ameona. Na jana yake tulikuwa tumepulizia ng'ombe wake na wangu pamoja, hivyo mikono yetu, nguo zetu, nyumba nzima ilikuwa inanuka dawa.

Nilikwenda nyuma ya ghala kuleta kuni. Nikamkuta paka amelala ubavu, miguu imekakamaa, povu mdomoni, na kando yake mkebe wenye maji meupe kwa chini. Kando ya mkebe kulikuwa na vipande vya mkaa vilivyosagwa vizuri, na kijiti cha kusugulia. Nilielewa mara moja. Nilimwita Gogo. Alinusa mkebe, lakini miaka mingi ya tumbaku ilikuwa imeiua pua yake. Akautazama ule mkaa. Akamtazama paka.

"Chebet," akaita, kwa sauti ya chini.

Mtoto alikuja. Meno ya mbele yalikuwa yameng'oka, alikuwa amevaa gauni jipya la koito. Macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye mkono wa Gogo, na fimbo ilikuwa hapo.

"Hii ni nini ulikuwa unatengeneza?"

"Mursik."

"Na ingine iko wapi? Hii mkebe imebaki kidogo. Ingine uliweka wapi?"

Akasema, kwa sauti ambayo nusura nisiisikie, "Kwa kibuyu."

"Kibuyu gani?"

Hapo ndipo mtoto alipofunga mdomo. Gogo alimshika mkono, akamwingiza sebuleni, mimi nyuma yao, akamsimamisha mbele ya vile vibuyu. Mama yake Chebet alikuwa anapanga viti. Nilimweleza, akaanguka kwenye kimojawapo. Huku nje, mbali kidogo, tulisikia watu wanaimba. Wageni walikuwa wameshavuka mto.

Nilipiga magoti nikafungua kibuyu kimoja kimoja nikanusa. Vyote vilinuka dawa. Nikanusa mkono wangu, nao ukanuka dawa. Sikuweza kuapa kwa hata kimoja.

"Kibuyu gani, Chebet?"

Fimbo ikashuka. Sio majani ya kuwasha siku hiyo, ile ya mzeituni. Mtoto akaonyesha kibuyu cha kwanza. "Hiki." Gogo akakishika, halafu akasita, akamtazama machoni. "Kweli?" Fimbo. "Hapana, hiki." Fimbo. "Hiki hapa." Alionyesha cha tatu, cha nne, akarudi cha kwanza. Alikuwa haangalii vibuyu kabisa, anaangalia mkono. Mimi nilikuwa nimemshika Gogo kiunoni nikimvuta nyuma, akanipiga kiwiko cha kifua nikakosa pumzi. Fimbo tena. Mtoto akaonyesha birika la chai. Akaonyesha dirisha. Angeonyesha kitu chochote duniani ambacho kingesimamisha ule mkono, na mkojo ulikuwa unamshuka miguuni, unalowesha gauni jipya.

Gogo akasimama hivyo hivyo, fimbo hewani. Sijui aliona nini, lakini nilimwona akitazama ile sakafu iliyolowa, kisha dirisha ambalo mtoto alikuwa amelionyesha, muda mrefu, kama kwamba kweli ndani ya dirisha huenda kuna sumu. Akachuchumaa mbele ya mtoto. Akauliza tena, na safari hii sauti yake ilikuwa inamwomba. "Niambie, mama. Cha mama yangu? Hiki chenye kauri?" Chebet alitaka kusema. Nakuapieni alitaka. Meno yaliyobaki yalikuwa yanagongana, na hakuna neno lililotoka.

Nje, wimbo ulikuwa umefika kwenye lango.

"Mama, mwaga tu," binti yake akalia. "Mwaga maziwa, tutawapa chai."

"Na vibuyu?" Gogo akauliza. "Kesho nitajaza kipi?"

Akainuka. Fimbo ilikwenda juu, na mimi nikamrukia mtoto nikamfunika kwa mwili wangu, nikingoja mgongo wangu upasuke. Nikasikia mlipuko, lakini sikusikia maumivu. Alikuwa amekipiga kibuyu cha mama yake. Kauri ziliruka mpaka darini. Maziwa yalitoka na chembe zake nyeusi yakakimbilia mlangoni. Akapiga cha mama mkwe. Akapiga vile vitatu alivyovilea. Hakuvipiga mara moja moja, alivipondaponda, akavirudia, anatoa sauti ya mnyama kila fimbo inaposhuka, mpaka vikawa vipande vya kutosha kuwashia moto. Binti yake alikuwa amejiziba masikio.

Mzee wa wageni aliingiza mguu mmoja mlangoni, akaukuta kwenye maziwa, akausimamisha hapo. Alitazama vipande, akamtazama Gogo aliyelowa mpaka kifuani, akanitazama mimi juu ya mtoto.

"Mama," akasema, "kuna vita hapa?"

"Vita imeisha," Gogo akasema. "Karibuni. Mursik hakuna. Chai iko."

Kisha akawaambia yote, amesimama, bila kupunguza. Paka, mkebe, dawa, na kwamba hajui kilikuwa kibuyu gani. Kuku mmoja alikuwa ameshaingia kwa mlango wa nyuma akadonoa maziwa sakafuni, na kabla Gogo hajamaliza kusema kuku alikuwa anazungusha shingo. Tulimtazama wote mpaka akatulia. Shangazi mmoja wa upande ule, mwenye leso nyekundu, akanong'ona kwa sauti ya kusikika kwamba mtoto huyo hataki mamake aolewe, amefanya makusudi.

Gogo akageuka. "Fimbo hii bado ina nafasi ya kichwa kimoja."

"Nyamaza wewe," mzee wao akamwambia shangazi. Akautoa mguu kwenye maziwa, akaupangusa kwenye nyasi za nje, akaingia kwa mguu mkavu. "Tulikuja kutafuta bibi. Hatukuja kutafuta maziwa. Leteni hiyo chai."

Wakanywa chai. Koito ikafanyika katika nyumba yenye harufu mbaya kuliko zizi, na mama yake Chebet akaolewa Siongiroi, mpaka leo yuko. Sisi tulimwaga majivu juu ya kila tone. Gogo alichoma vipande vyote mwenyewe, ngozi na yote, akiwatupia mawe kuku waliosogea.

Jioni alikaa na Chebet kwenye kizingiti. Hakuwa na samli, alikuwa na maji ya uvuguvugu na kitambaa. Nilisikia kwa sababu ua ni mwembamba. Alimwambia, "Ukija mwenyewe ukaniambia, sitakupiga. Hata uchome nyumba. Ukija ukaniambia." Mimi sikuamini, kusema kweli. Nilimjua mtu huyo.

Chebet naye hakuamini upesi. Mvua zilikuwa zimeanza siku nilipokuwa nimeegemea ua, nikamwona anavuka uwanja kwenda kwa Gogo, anatembea kama mtu anayekwenda kujitupa mtoni. Alikuwa ameshika leso ya Jumapili ya Gogo, imekatwa katikati, na kuku mwenye mguu uliovunjika. Alikuwa amemfunga kuku leso akamtupa kutoka juu ya ghala, aone kama atashuka polepole.

"Gogo, ni mimi," akasema, na akafumba macho.

Gogo aliokota fimbo. Nilikuwa nimeshaanza kupanda ua. Akampita mtoto, akaenda mpaka kwenye nguzo ya zizi, na akaipiga nguzo ile. Aliipiga mpaka maganda yakaruka, mpaka ng'ombe wakajazana kona moja, mpaka fimbo ya mzeituni ikapasuka kwa urefu. Kisha akarudi akihema, akamchukua kuku, akamchinja, wakala jioni hiyo. Nguzo hiyo tuliipa jina la yule mwalimu wa darasa la pili. Kufika mwisho wa miaka hiyo ilikuwa imeliwa katikati kama muwa.

Msidhani alikuwa mtakatifu. Mwaka uliofuata alimng'oa meno mwizi wa maziwa kwa fimbo mpya, na shangazi mwenye leso nyekundu alipokuja kusalimia alirudi Siongiroi bila leso. Ila vibuyu hakununua. Wageni walipewa chai, na yeyote aliyetaja mursik aliangaliwa kwa namna ambayo hakutaja tena.

Mara ya mwisho nilikaa naye karne ikikaribia kugeuka. Nilikuwa nimehamia Kericho mjini kumfuata mume wangu, nikasikia Gogo ameanguka, upande mmoja umekufa. Nikaenda. Nilimkuta kitandani, kile cha kiwanda, mkono wa kulia umelazwa juu ya blanketi, haufanyi kitu. Niliutazama nikaona uchungu, na hata nikashangaa kuuonea uchungu. Lakini wa kushoto ulikuwa umejifunza. Juzi yake alikuwa amemtupia mchungaji kikombe, kikampata sikio, kwa sababu alikuwa akimwombea kama mtu aliyekwisha kufa.

"Bado unapiga watu," nikamwambia.

"Wanakuja karibu," akasema, kwa mdomo wa upande mmoja.

Akaniambia nisubiri, nitakunywa kitu. Chebet alikuwa ameotesha mmea wa vibuyu kwenye ua wetu wa zamani, na kimoja kilikomaa vizuri. Walikilea pamoja, mwaka mzima, Gogo akielekeza kutoka kitandani, Chebet akisugua na kufukiza. Maziwa ya kwanza yalikuwa ndani sasa hivi, ya siku mbili. Alivyosema hivyo uso wake ulibadilika hata ule upande uliokufa.

Tukasikia kitu kimelia jikoni, pa. Kisha miguu.

Chebet alikuwa msichana mrefu sasa, wa sekondari, gauni la shule limelowa maziwa. Alisimama mlangoni. Nilimwangalia macho, kwa mazoea yangu ya zamani, nione yanakwenda wapi. Yalikwenda usoni kwa Gogo, moja kwa moja.

"Gogo, nimepasua kibuyu. Nilikiweka karibu na moto, nilitaka kuona kama joto litayagandisha haraka."

Mkono wa kushoto wa Gogo ulikuwa karibu na kikombe. Nilisogeza kiti changu mbele bila kujua nasogeza.

"Na yakaganda?" Gogo akauliza.

"Yalikuwa yameanza. Halafu kikapasuka."

"Umeungua?"

"Hapana."

"Basi fagia. Mbegu ziko kwa ile mkebe."

Msichana akaenda. Gogo alilala akiangalia dari kwa muda, machozi yakimtiririka kuelekea masikioni, na mkono mmoja tu haukutosha kuyafuta. Nikamfutia. Akanishika kidole, kwa nguvu, kikaniuma.

"Umesikia?" akaniambia. "Amekuja mwenyewe."